Kanda la Usufi: Wapagazi wa Vita Kuu na Maana ya Kuitumikia Nchi

Mtumwa na mtumishi ni maneno ndugu wa tumbo moja, kwani yote mawili yamezaliwa na kitenzi kutuma. Hata hivyo, masikio ya watu wa pwani hayajapata kuyachanganya. Kisiwani Unguja soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa nguvu ya sheria mwaka 1897; Tanganyika ilingoja hadi 1922. Waliopita katika zama hizo waliijua tofauti ya maneno haya kwa migongo yao kabla ya kuisoma katika kamusi. Mtumishi ameridhia kazi yake, anajulikana kwa jina, na anaweza kudai haki yake. Mtumwa hana hata moja katika hayo matatu. Basi kila raia anapoambiwa aitumikie nchi, yafaa kuuliza ni neno lipi kati ya hayo mawili linalokusudiwa. Afrika Mashariki ililikabili swali hilo kwa gharama kubwa katika vita vya 1914 hadi 1918.

Vita vilikuwa vya Waingereza na Wajerumani, lakini njia zilikuwa za Afrika. Reli zilikuwa chache, barabara hazikufaa magari, na farasi, ng'ombe na punda waliangamizwa na maradhi ya mbung'o. Kilichobaki ni kichwa cha mwanadamu. Risasi, unga, mahema na majeruhi, vyote vilichukuliwa na wapagazi. Kwa upande wa Waingereza peke yao, inakadiriwa kwamba walioingizwa katika kazi hiyo walikaribia milioni moja. Mwanzoni wako waliokwenda kwa kutafuta ujira. Vita viliporefuka, hasa mwaka 1917, machifu walitakiwa kutoa watu kwa idadi, na waliokimbilia porini walisakwa. Wajerumani nao walikokota watu wa vijiji walivyovipitia.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hesabu za maofisa wa jeshi ziliandikwa kana kwamba msemo huo ni kanuni ya vita. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kiasi cha ratili hamsini, siku baada ya siku, katika mvua na matope ya Rufiji. Chakula kilikuwa haba, na mara nyingi kilikuwa unga wa mahindi ambao wengi hawakuuzoea na hawakupewa muda wa kuupika ukaiva. Kuhara damu, malaria na homa ya mapafu viliua watu wengi kuliko risasi. Wanahistoria wengi huwakadiria wapagazi waliokufa upande wa Waingereza kuwa karibu laki moja.

Unguja nayo ilitoa watu. Mwaka 1916 Frank Weston, Askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, alikusanya kikosi cha wapagazi, akakiongoza mwenyewe bara. Kwa hiyo aliwaona karibu, kwa miguu. Huenda ndiyo sababu, vita vilipokwisha na serikali ya Kenya ikatoa waraka mwaka 1919 wa kuwahimiza Waafrika wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi, yeye akaandika kijitabu mwaka 1920 kukilaani kitendo hicho kuwa ni kuwafanya watu watwana wa Uingereza. Maana malipo ya utumishi yalikuwa yamekwisha kugawanywa. Askari wa Kizungu walitengewa ardhi ya nyanda za juu za Kenya kwa mpango wa mwaka 1919. Waafrika wa nchi hiyo hiyo walipewa kipande, wakakining'iniza shingoni.

Walipewa pia sanamu. Mwaka 1927 askari wa shaba alisimamishwa katikati ya Dar es Salaam, na Nairobi na Mombasa nazo zikapata sanamu zao. Maandishi yake, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yanawasifu wapagazi kuwa ndio walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanamwahidi anayeipigania nchi yake kwamba hata akifa wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi hiyo ni nzuri, ila majina hayakuandikwa. Tume ya kifalme ya makaburi ya vita, iliyoundwa mwaka 1917 kwa msingi kwamba kila aliyekufa akumbukwe sawa na mwenzake, haikuwatendea wapagazi hivyo. Mwaka 2021 kamati iliyoundwa na tume hiyo ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Jina kubwa walilotuachia ni la mahali: Kariakoo, yaani matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi chao. Maelfu hununua na kuuza hapo kila siku, na mauti ya laki moja yamo ndani ya neno wanalomtajia dereva wa daladala.

Walionusurika walijifunza jambo. Kleist Sykes, aliyekuwa askari upande wa Wajerumani katika vita hivyo, alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association mjini Dar es Salaam mwaka 1929, miaka miwili tu baada ya sanamu kusimama. Kutokana na chama hicho, baada ya mageuzi kadhaa, ilizaliwa TANU mwaka 1954. Aliyetumwa alianza kuuliza nani anamtuma.

Uhuru haukulifuta swali, uliligeuza upande. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga mpango wa kuwataka wahitimu watumikie taifa kwa miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Nyerere aliwarudisha makwao karibu mia nne. Lakini siku hiyo hiyo alikubali kwamba mishahara ya wakubwa ni minono mno, akaupunguza wake kwa asilimia 20. Adhabu ile inaweza kubishaniwa. Kisichobishaniwa ni kwamba raia walimkabili mkuu wa nchi uso kwa uso, naye akaona hawezi kuwatwika mzigo bila kujitwika wake. Mpagazi wa mwaka 1917 hakupata mtu wa kumkabili hivyo.

Raia hudaiwa jasho na nchi yake, na wakati mwingine hata roho. Lakini nchi nayo hudaiwa: imuulize kabla ya kumtwika, ibebe pamoja naye, na akianguka njiani iliandike jina lake. Deni la wale wa Rufiji halijalipwa.