Tarikhi ya Usafi wa Vijito vya Laini Saba

Mwenye kutaka kuijua tarikhi ya vijito vya Laini Saba, sehemu ya mtaa wa Kibera mjini Nairobi, hana budi kuanza na askari. Kwani kabla ya kuwa mtaa, ardhi hii ya Kibera ilikuwa pori la miti lililowapokea askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles, ambao, baada ya kuitumikia dola ya Kiingereza katika vita vyake, waliachiwa wakae hapa pamoja na ahali zao tangu mwaka 1904 hivi, na ilipofika mwaka 1918 eneo hilo, lipatalo ekari 4,197, likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Askari hao, waitwao Wanubi, walilima na kufuga, na nyumba zao zilikuwa chache, zimeachana, hata maji ya mvua yaliweza kuteremka bondeni bila ya kumdhuru mtu.

Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ililiziba bonde hilo kwa ukuta, likapatikana Bwawa la Nairobi, kusudi mji uwe na akiba ya maji ya kunywa wakati wa dhiki. Na kwa miaka mingi watu wenye nafasi walikuja kuendesha mashua za matanga juu yake. Lakini baada ya uhuru, wafanyakazi waliomiminika Nairobi bila ya kupata makao yenye kodi waliyoiweza walijenga na kupanga vyumba vya udongo na mabati katika miteremko ya Kibera, na kwa kuwa wenye mamlaka waliwahesabu kuwa wakazi wasio halali, hawakuwatandazia mabomba ya majitaka wala kuwapelekea magari ya taka. Basi kila kilichotupwa kikafuata maji, na bwawa likajaa tope na magugu maji. Kwa hiyo mwenye kuwalaumu watu wa Laini Saba kwa uchafu wa vijito vyao anawadhulumu, maana walinyimwa kwanza njia ya kuwa nadhifu.

Waliojitwika usafi huo ni vijana, lakini ada yao ya kusafisha mitaro na vijito haikuanzia Kibera. Watu wa pwani waujua msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, tangu zamani, lakini huu wa Nairobi uliingia kwa mlango wa kandanda. Mwaka 1987 kiliasisiwa katika mtaa wa Mathare chama cha michezo cha vijana kijulikanacho kama MYSA, na viongozi wake wakaweka sharti ambalo mimi naliona kuwa ni la hekima kubwa: timu iliyoshinda mechi hupata pointi tatu, ilhali timu iliyotimiza kazi yake ya usafi hupata pointi sita, hata ikawa haiwezekani kutwaa ubingwa kwa miguu pekee. Mwaka 2001 shirika la Carolina for Kibera lilipoanza kazi huku Kibera, nalo likaufungamanisha mpira na usafi wa mtaa, na baadaye likawahimiza vijana kuzikusanya taka na kuziuza chini ya jina la Taka ni Pato.

Kazi yenyewe, ifanywayo Jumamosi, yataka moyo. Kijana huingia kijitoni na gambuti, mwenziwe akishika reki ukingoni, wakaopoa matambara, viatu, chupa na nywele bandia zilizosukana na tope kama kamba, kisha wakazirundika kando zichuje maji kabla ya kupakiwa mkokotenini. Na hapa ndipo penye msiba, kwa kuwa mkokoteni usipopata mahali pa kumwaga, lile rundo hubaki ukingoni, na mvua moja ya masika huirudisha kazi yote ya Jumamosi majini.

Aidha, kazi hii imekuwa madrasa. Mwalimu mwema hamwambii mtoto tu kwamba taka ni mbaya, bali humwonyesha njia ya maji: kwamba kijito kipitacho nyuma ya choo chao huteremka mpaka bwawani, ambamo pia huingia mto Motoine utokao upande wa Dagoretti, kwamba ukitoka bwawani huitwa Ngong, ukapita Mukuru, ukakutana na mto Nairobi, ambao chimbuko lake ni kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, kwamba yote hayo huingia Athi, kisha Galana, na hatimaye, kwa jina la Sabaki, humwagika baharini kaskazini ya Malindi. Mtoto aliyefahamu hayo hujua kwamba mvuvi wa Mambrui ni jirani yake.

Serikali nayo haikukaa kimya daima. Marehemu John Michuki, alipokuwa waziri wa mazingira tangu mwaka 2008, aliusimamia usafi wa mto Nairobi kwa ukali uliozaa matunda, na tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku. Lakini miradi mikubwa huja na kuondoka pamoja na fedha zake na mawaziri wake, na mwenye kubaki na reki mkononi ni yule kijana.

Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Kwa hiyo nawaomba wakuu wa Kaunti ya Nairobi watimize mambo mawili: bomba la majitaka literemshwe mpaka Laini Saba, na kila Jumamosi ya usafi lori lifike siku ile ile, kabla ya mvua.