Uthibitishano: Huduma na Mteja Wanapotakiwa Kujuana

Novemba 2018, wanunuzi walipogoma kupandisha bei ya korosho, Serikali ya Tanzania iliamua kuinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi likapewa kazi ya kusomba mzigo maghalani. Fedha hazikutoka papo hapo. Kwanza ulikuja uhakiki: timu zilipita vijijini kutazama kama aliyepeleka korosho kwenye chama cha msingi cha ushirika ana mikorosho ya kuzaa mzigo wa kiasi hicho. Waliokuwa wakitafutwa ni kangomba, wale wanaonunua korosho kwa mkulima mwenye shida, kwa bei ya kutupa, kisha wanaiuza kwa jina la mkulima. Katika wilaya za korosho za Masasi na Newala neno uhakiki lilikaa midomoni msimu mzima, na wapo wakulima halali waliosubiri malipo kwa miezi kwa sababu yake.

Ninaanza na kisa hicho kwa kuwa wanaotengeneza programu wanahangaika na swali lilelile: huyu anayedai kuwa fulani, ndiye? Wao huliita othentikesheni. Kiswahili kimelipa majina kadhaa, na watu wanayachanganya: utambuzi, uhakiki, uthibitishaji, uidhinishaji. Kila moja lina mahali pake.

Mkulima akifika kwenye mzani na kutaja jina lake au namba yake ya usajili, amejitambulisha. Hajathibitisha kitu, kwa maana jina la mtu linaweza kutajwa na yeyote. Akitoa kitu ambacho mwingine hana, kama alama ya kidole au namba ya siri, hapo ndipo uthibitishaji unapofanyika. Baada ya hapo lipo swali la tatu, la idhini: mtu huyu tuliyekwisha kumjua anaruhusiwa kufanya nini? Katika mnada wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, ambamo korosho iliingizwa kuanzia msimu wa 2024/2025, mnunuzi anaweza kuthibitishwa vizuri kabisa na bado asiwe na idhini ya kutaja bei. Uhakiki nao ni kazi ya baadaye, mzigo ukiwa umekwisha kuingia ghalani. Ndiyo maana sikubaliani na wanaolitumia neno hilo kwa kazi ya mlangoni. Uthibitishaji ni wa mlangoni; ukisubiri hadi ghala lijae, mkulima halali ndiye anayeumia.

Hadi hapo habari ni ya upande mmoja: mteja anagonga, huduma inamkagua. Ila huduma nyingi za siku hizi ni za pande mbili. Mteja anafungua njia ya mawasiliano, kisha seva nayo inaitumia njia hiyohiyo kumwita yeye, saa yoyote inayotaka. Unalipia bidhaa dukani, mara simu yako yenyewe inafungua kidirisha: ingiza namba ya siri. Hukupiga menyu yoyote. Huduma ndiyo iliyokufuata. Sasa nani anamthibitisha nani?

Mtandao wa simu unatupa jibu zuri la swali hili. Ndani ya laini yako mna ufunguo wa siri wa biti 128, na nakala yake iko kwa kampuni ya simu. Simu inapojiunga na mtandao wa kizazi cha pili, ule unaotumiwa na vitochi vingi, kampuni inairushia namba ya kubahatisha. Laini inaichanganya namba hiyo na ufunguo wake, inarudisha jibu la biti 32, na kampuni inalilinganisha na jibu ililolikokotoa yenyewe. Yakilingana, umepokelewa. Ufunguo wenyewe hausafiri hewani hata mara moja. Kazi safi, lakini yenye pengo kubwa: simu haiulizi chochote. Mnara wowote unaojitangaza kuwa wa kampuni unaaminiwa. Kizazi cha tatu ndicho kilicholiziba pengo hilo, kwa kuufanya mtandao nao utoe ushahidi kwamba unaujua ufunguo.

Pengo kama hilo bado liko wazi upande wa mtumiaji mwenyewe. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipokamilishwa mwanzoni mwa 2020, laini inamjua mwenyewe kwa namba yake ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Yeye ana nini cha kuwathibitisha wanaomwita? Malipo ya korosho yanapotoka, ujumbe unaingia: “Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja…” Mwingine unajifanya ni wa kampuni na kuomba namba ya siri. Mteja tumemthibitisha hadi kidole. Anayemwandikia ameachwa apite.

Kwa mwandishi wa programu yapo mambo mawili ya kushika. Uthibitisho ufanyike njia inapofunguliwa na ufungamanishwe na njia hiyo, ili kila ujumbe unaofuata ujulikane ni wa nani. Halafu, anwani ya kurudishia majibu isipokewe kwa maneno matupu. Karani akiweza kuandika namba yoyote ya simu mbele ya jina la mkulima, taarifa za uzito na malipo zitamwendea mtu baki, na mfumo utaonyesha kuwa kila kitu kiko sawa. Wala si kazi rahisi: mwaka 1978 watafiti wa kompyuta Needham na Schroeder walichapisha utaratibu wa pande mbili kuthibitishana, na ilikuwa 1995 mtafiti mwingine, Gavin Lowe, alipoonyesha kwamba mtu wa kati anaweza kujipenyeza humo. Dawa aliyotoa ilikuwa kuongeza jina la anayejibu ndani ya ujumbe mmoja.

Kwa hiyo napendekeza uthibitishano. Kiambishi -an- kinabeba maana ya kutendana, kama katika ushirikiano na uhusiano, maneno ambayo hakuna mwanachama wa ushirika anayehitaji kufafanuliwa. “Uthibitishaji wa mteja” ubaki kwa huduma ya upande mmoja. Huduma inayomwita mteja idaiwe uthibitishano, na vyama vya ushirika vya wakulima wa korosho, MAMCU na TANECU vikiwemo, viliandike neno hilo kwenye masharti ya zabuni vinapoagiza mifumo. Nawe ukipata ujumbe wa kukuagiza utume hela, usijibu. Upeleke 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ya kuripoti matapeli.