Ugonjwa au Msimu? The Mutants na Historia ya Embu na Meru

The Mutants, kisa cha mfululizo wa televisheni wa Doctor Who kilichoandikwa na Bob Baker na Dave Martin na kurushwa na BBC mwaka 1972, ni miongoni mwa visa vinavyoukabili ukoloni waziwazi. Sayari ya Solos inatawaliwa na wageni kutoka Duniani. Marshal, mtawala asiyetaka uhuru utangazwe, anaazimia kuibadilisha hewa ya sayari iwafae wageni, hata wenyeji wakiangamia. Wakati huohuo wenyeji wanaanza kugeuka maumbile. Marshal anauona huo kuwa ugonjwa na kuwawinda. Baadaye inabainika kuwa ni msimu: mwaka mmoja wa Solos ni sawa na miaka 2,000 ya Dunia, na kila majira huwadai viumbe wake umbo jipya.

Suala kuu la kisa hiki, basi, ni mamlaka ya kulipa jina badiliko la watu. Suala hilo lina historia yake Embu na Meru. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, serikali iliwaweka Wakikuyu, Waembu na Wameru katika fungu moja la washukiwa. Mwaka 1954 ilichapisha kitabu cha daktari wa akili J. C. Carothers kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Humo, dai la ardhi na uhuru lilifasiriwa kama msukosuko wa nafsi za watu walioshindwa na mageuzi ya dunia. Palipotajwa ugonjwa, tiba ilifuata. Katika kambi za Mwea, zilizokuwa wilaya ya Embu wakati huo, wafungwa walichimba mifereji ya mashamba ya mpunga; na kuanzia 1957 wakaidi walitengwa katika vikundi vidogo na kupigwa hadi wakiri kiapo. Ardhi na watu viligeuzwa kwa pamoja, kama Marshal alivyokusudia Solos.

Hata hivyo, ulinganisho huu unafichua upungufu wa kisa chenyewe. Ky, kiongozi wa wenyeji, anakombolewa na maumbile: msimu ukifika, anageuka. Musa Mwariama wa Meru, aliyebaki katika misitu ya Mlima Kenya hadi uhuru wa 1963, hakusubiri msimu. Alichagua, na wenzake walilipia uchaguzi huo kwa damu. Vilevile, Varan, mwenyeji anayemtumikia Marshal, anasalitiwa na bwana wake na kuangamia, ilhali wengi wa machifu na walinzi wa vijiji waliubakiza mgawanyiko wa ardhi na kumbukumbu hata baada ya bendera kushushwa.

Upungufu mzito zaidi umo katika usomaji. Mabamba ya kale ya Solos yanafasiriwa na Doctor pamoja na Sondergaard, wote wageni. Wenyeji wanaelezwa maana ya miili yao wenyewe. Historia ilikwenda kinyume. Mwaka 2011 ilikiriwa kuwa majalada ya kikoloni yalifichwa Hanslope Park, Uingereza. Lakini kilichoyatoa humo ni kesi ya wazee wa Kenya waliosimulia mateso yao wenyewe, kesi iliyozaa fidia kwa watu 5,228 mwaka 2013. Walioitwa wagonjwa ndio waliomlazimisha tabibu afungue daftari lake.