Safari za Kutafuta Elimu katika Pwani Yetu

Katika zama ambazo baina ya Barawa na Kilwa hakikuwapo chuo kikuu hata kimoja, kijana wa pwani aliyetaka kubobea katika fikihi, tauhidi, nahau na mantiki hakukosa pa kusomea. Ila ilimpasa apafuate, na aghalabu njia ya kupafuata ilipita baharini. Tarikh ya bandari zetu imezoea kusimuliwa kuwa ni tarikh ya pembe, karafuu na utumwa, na hayo yote ni kweli. Lakini majahazi yaleyale yaliyopakia boriti na tende yalipakia pia wanafunzi na vitabu vyao, na msimulizi awaachaye hao huwa ameiacha nusu ya habari.

Masomo yalianzia nyumbani. Mtoto alipelekwa chuoni, akafunzwa herufi juu ya ubao, akaingia Juzuu Amma, hata akahitimu Msahafu. Na walio wengi waliishia hapo, wakashika kazi za wazee wao. Mwenye hamu ya kuendelea aliingia katika darasa za msikitini, akaanza na Safinat al-Naja ili ajue ibada zake, na Ajurrumiyya ili aijue nahau, kisha, kama alikuwa na subira, akapanda hadi Alfiyya ya Ibn Malik na Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho wanavyuoni wa Kishafi walikitegemea katika hukumu zao. Sheikh alikaa na wanafunzi wakamzunguka; mmoja akasoma matini ya Kiarabu, na sheikh akaifasiri kwa Kiswahili, jumla baada ya jumla, akisita penye khitilafu ya maulamaa ili aieleze. Darasa nyingi zilisomeshwa baada ya alfajiri na baina ya magharibi na isha, kwa sababu wengi wa wasomaji walikuwa mafundi, wavuvi na wenye maduka, ambao mchana walikuwa na riziki ya kutafuta.

Je, ikiwa vitabu vilipatikana na masheikh walikuwapo, kilichowasafirisha ni nini? Ni ijaza, yaani idhini ya sheikh ya kusomesha alichokifunza. Elimu ile haikuhesabiwa kuwa imekamilika kwa kusomwa kitabu tu, bali kwa kupokewa kutoka kwa mtu aliyeipokea kwa mwingine, mnyororo huo wa wapokezi, yaani sanad, ukafuatana hadi kwa mtungaji wa kitabu na kumpita. Na mwenye sanad iliyo fupi na madhubuti akiwa Tarim ya Hadhramaut au Makka, hapana budi kumwendea. Nayo bahari ilikuwa na kanuni yake: aliyeondoka kwa jahazi wakati wa kusi kwenda Arabuni hakuweza kurudi mpaka kaskazi ivume, kwa hiyo ziara ya elimu haikuwa ya siku chache, pepo zenyewe zilimlazimisha mgeni akae, asome, na afahamiane na watu.

Hapana mfano bora kuliko wa Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, ambaye baba yake alikuwa mtu wa Hadhramaut. Ujanani alikuwa mfanyabiashara na nahodha wa chombo chake mwenyewe. Akasoma kwao na Hadhramaut, akapewa ukadhi Unguja angali kijana, na mwaka 1885 akauacha, akaenda Istanbul kusoma kwa Sayyid Fadl bin Alawi, akapitia Misri na Makka kwa ajili ya kukutana na maulamaa, kisha mwaka 1888 akarejea Unguja na kuwa kadhi mwenye kutegemewa katika bahari yote hii. Mtu aliyekwisha kukalia kiti cha hukumu hakuona haya kukiondokea ili awe mwanafunzi tena.

Sahibu yake na mwanafunzi wake, Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, aliifuata njia hiyo. Mwaka 1897 alikwenda Hadhramaut, akazuru miji ya masharifu, akahudhuria darasa zao na kupokea ijaza zao, kisha akaandika kwa Kiarabu kitabu cha safari ile, kitabu ambacho hata leo ni hazina kwa atakaye kujua mwanafunzi wa Kiafrika aliona nini na alisikia nini huko. Aliporudi Unguja alisomesha nyumbani kwake Ukutani, na wanafunzi wakamjia kutoka Lamu, Mombasa na Ngazija. Wote wawili, yeye na bin Sumayt, walifariki mwaka 1925.

Miongoni mwa waliovuka kuja kwao ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891, ambaye baadaye aliichukua elimu ya darasa na kuitia katika magazeti: Sahifa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932, kisha akawa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi kufa kwake mwaka 1947. Na huko Lamu, Habib Saleh, mtu wa asili ya Ngazija, aliusimamisha Msikiti wa Riyadha, wenye jina moja na ule wa Habib Ali al-Habshi mjini Seiyun, Hadhramaut, akafungua darasa zake kwa maskini na kwa waliotoka utumwani, watu ambao hapo kabla wenye nasaba waliwaona kuwa elimu si haki yao. Maulidi ya al-Habshi, yasomwayo Riyadha kila Mfungo Sita, yaliletwa na wasafiri hawa hawa.

Vyuo vikuu vilipokuja, mila hii haikukatika mara moja. Sayyid Omar Abdalla, mashuhuri kwa jina la Mwinyi Baraka, alilelewa katika darasa za Unguja, akasoma Makerere, akasoma London na Oxford, kisha akarudi kuiongoza Muslim Academy ya Unguja. Na falsafa aliyoisoma Uingereza haikumtoa katika halaka ya dhikri wala halaka haikumzuia kuisoma falsafa.

Hukumu yangu ni kwamba fakhari ya watu hawa haikuwa katika umbali waliokwenda, bali katika kurudi kwao na kusomesha. Kwani ijaza ilikuwa ruhusa na pia amana, na aliyeipokea asiifikishe kwa mwingine alikuwa ameikata sanad kwa mkono wake. Leo wanafunzi wetu wa dini na falsafa hupelekwa ziara za masomo kwa ndege, wakarejea baada ya juma moja au mawili, na hilo si baya. Lakini msafiri asiyewasomesha wenziwe aliyoyapata huwa ametembea tu. Basi kila chuo kimpelekacho mwanafunzi nje na kimshurutishe, arudipo, akae msikitini, kanisani au darasani awafunze walioachwa nyuma. Na kila nyumba yenye hati za mababu sandukuni na iwaruhusu wajuzi wazisome na kuzinakili kabla mchwa na unyevu havijazimaliza.