Boma la Kigali na Wenyeji Wake wa Kwanza

Wazee wetu waliyasikia mara nyingi maneno haya, ya kuwa Mwislamu katika nchi hii ni mgeni, mtu wa kuja na kupita. Asemaye hivyo juu ya vilima vya Rwanda na asikilizwe, maana huko kila ukoo una habari zake za kale. Lakini asemaye hivyo juu ya mji wa Kigali, na aulizwe kwanza mji huu ulianza lini, na pamoja na nani.

Wajerumani walipolitawala koloni lao la Afrika ya Mashariki, waliligawanya wilaya wilaya, na katika nyingi walitawala kwa maakida na majumbe. Sehemu tatu hazikuwa hivyo: Bukoba, Urundi na Ruanda. Huko wafalme waliachwa katika viti vyao, naye Mjerumani mkubwa akaitwa Rezidenti, yaani mkaaji na mshauri. Ingawa mshauri mwenye bunduki si mshauri kama wengine. Ruanda ilikuwa baina ya bonde la Kagera na Ziwa Kivu, na kaskazini ilifika milima ya moto ya Virunga. Mwami Yuhi Musinga alikaa Nyanza. Mji wa maduka na wageni wa mbali, kama tuujuavyo leo, haukuwako.

Mwaka 1907 Dakitari Richard Kandt, Rezidenti wa kwanza, aliichagua Kigali kwa kuwa ilikuwa katikati ya nchi. Bwana huyu alikwisha kuizunguka nchi miaka kadhaa akitafuta chimbuko la Mto Nile, akalifuata hata mto Rukarara katika msitu wa Nyungwe. Makao yake yakajengwa Nyarugenge. Wala hakukaa huko peke yake. Walikuwako askari, makarani, wapagazi na wachuuzi, wakiwamo Waislamu wa pwani na wa bara ya Tanganyika, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya boma na ya biashara. Msikiti wa Al-Fatah ukajengwa mwaka 1913, mji ukiwa na umri wa miaka 6 tu.

Mwezi wa Mei 1916 Wabelgiji waliingia Kigali, na utawala wa Wajerumani ukakoma. Kandt mwenyewe alifariki Nuremberg mwaka 1918. Watawala wapya hawakuwapenda Waislamu, kwa kuwa waliwaona ni mabaki ya Mjerumani. Wakawatenga katika kambi ya Waswahili, huko Biryogo. Hivyo watu waliokuwako tangu siku za boma wakawekwa kando katika mji ule ule waliouanza.

Ruanda ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, Kigali ilikuwa na watu wapatao 6,000 tu, na wengi walidhani Astrida, yaani Butare, ndiyo itakayokuwa mji mkuu. Ikachaguliwa Kigali, kwa sababu ile ile ya Kandt: iko katikati. Nao watu wa Biryogo walikuwa wakiishi hapo tayari.