Bei inaonekana, kinachobaki hakionekani



Katika mkutano uliopita maneno yalipanda moto. Kamati ilileta wazo hili: katika feza ya mfuko wetu tutoe sehemu ndogo kwa kijana mmoja wa kwetu anayemaliza masomo ya uchumi wa kilimo, ili afanye utafiti wake wa mwisho hapa hapa. Mama mmoja akasimama, akasema: « Feza ya mbegu mutamupa mutoto aende kusoma bei? Bei iko mu soko, kila mutu anaiona. » Watu wakapiga makofi. Sisi wa kamati hatukuwa na jibu siku ile. Tukaenda kuuliza na kusoma: je, watu wengine waliwahi kutoa sadaka kwa ajili ya wachumi wa kilimo? Walipata nini? Haya ndiyo tuliyoyakuta. Msome, kisha mje kupiga kura.

Tuanze kwetu. Milima ya Masisi haikukosa watu wa kuihesabu. Mwaka 1928 Wabelgiji waliunda CNKi, Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyopewa nguvu kubwa juu ya ardhi ili walowezi wapate mashamba. Mwaka 1933 ikazaliwa INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo, ambayo ilikuja kuwa na stesheni Mulungu, upande wa Bukavu. Mwaka 1937 ukaanza mpango wa serikali wa kuhamisha familia kutoka Rwanda mpaka Gishari, ndani ya Masisi, nao uliendelea hadi miaka ya 1950. Hatuandiki haya ili kuchokoza mtu. Sote, wa kila kabila, tumebeba matokeo yake, na wazee wanajua mwaka 1993 ulitufanyia nini. Tunaandika ili kuonyesha kitu kimoja: hesabu zilifanywa, ardhi kiasi gani na mikono ya kazi mingapi. Lakini aliyehesabu alilipwa na serikali ao na mwenye shamba kubwa, na swali lake lilikuwa la yule aliyemlipa. Mama wa mlimani anabaki na nini baada ya mavuno? Hilo halikuwa swali la mtu.

Sadaka nayo ilikuwako. Chuo kikuu cha Louvain, cha Wakatoliki wa Ubelgiji, kilianzisha FOMULAC mwaka 1926 kwa ajili ya afya. Hospitali ya Katana, kando ya ziwa Kivu, ni mtoto wake. Mwaka 1932 kikaongeza CADULAC kwa ajili ya kilimo, na huko Kisantu, Kongo ya Chini, vijana Wakongomani walifundishwa kuwa wasaidizi wa agronomu. Ilikuwa kazi nzuri, hatukatai. Lakini elimu ile ilikuwa ya mbegu, udongo na mmomonyoko. Wazee wetu wanamkumbuka monita wa kilimo: alikuja kuangalia kama mifereji imechimbwa na kama shamba la lazima limelimwa. Mambo ya soko yalibaki kwa wazungu. Chuo cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 tu, na uhuru ulipofika mwaka 1960 Wakongomani waliokuwa na diploma ya chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi nzima.

Sasa, mchumi wa kilimo ni mtu gani, na anatofautiana wapi na agronomu? Tuchukue mfano tu, si hesabu ya mtu fulani. Mama amevuna viloba 10 vya birayi. Viwili anaweka mbegu, kimoja kinaliwa nyumbani. Saba vinashuka mpaka Sake na Goma. Usafiri unakula bei ya viloba viwili, barieri za njiani zinakula kimoja, deni la dawa ya kupulizia linakula viwili. Agronomu ataandika: viloba 10, mavuno mazuri. Mchumi ataandika: mkononi imebaki bei ya viloba viwili, na tuangalie vile vingine vilipotelea wapi. Mama yetu alisema kweli, bei kila mtu anaiona. Kinachobaki ndicho hakionekani, mpaka mtu akae chini ahesabu.

Kazi hii ilipata wafadhili wake wa kwanza mbali na sisi. Uingereza kulikuwa na mtu anaitwa Leonard Elmhirst, mtoto wa padiri wa Kianglikana, aliyesomea kilimo Marekani kisha akaenda India kufanya kazi vijijini pamoja na mshairi Rabindranath Tagore. Mwaka 1925 alimuoa Dorothy Whitney, mjane Mmarekani mwenye mali nyingi, na wakanunua shamba la zamani la Dartington. Mwaka 1929 Elmhirst aliwaita pale wachumi wa kilimo kutoka nchi mbalimbali wakae pamoja na kuzungumza. Mkutano ule ndio uliozaa shirika la dunia la wachumi wa kilimo ambalo lipo mpaka leo. Halikuanzishwa na serikali. Lilianza na mwenye nyumba, mali ya mke wake, na wageni. Mwaka 1976, miaka miwili baada ya Elmhirst kufariki, shirika hilo lilikutana Nairobi.

Mfano wa pili ni wa Asia. Mwaka 1953 John D. Rockefeller wa tatu, wa ukoo wa matajiri wa mafuta wa Marekani, aliweka feza yake katika baraza ambalo baadaye liliitwa Agricultural Development Council. Kiongozi wake wa miaka mingi alikuwa Arthur Mosher, aliyekuwa amefanya kazi India. Baraza hili lilichagua watu, halikujenga majumba. Lililipia bursi za vijana wa Asia wasomee uchumi wa kilimo. Na hapa ndipo tunaomba msome polepole: halikuishia kwenye bursi. Liliweka walimu wake wakae katika nchi zile zile, na kijana akirudi kwao alipata feza ndogo ya utafiti na mwenzake wa kuzungumza naye. Ile feza ndogo baada ya kurudi ilimfanya abaki na kazi ya kufanya kwao.

Afrika yetu ilipata nini? Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichounganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam kutoka 1963 hadi 1970, kilisaidiwa sana na Rockefeller Foundation. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mfuko huo huo ulianzisha programu ya kusomesha vijana wa kilimo katika vyuo vya Afrika yenyewe, mwanafunzi akifanya utafiti pamoja na wakulima. Mwaka 2004 vyuo 10 vikaishika programu ile kwa mikono yao, ikaitwa RUFORUM, ofisi yake iko Makerere, na leo memba wake ni vyuo zaidi ya 100. Mwaka huo wa 2004 wachumi wa kilimo wa Afrika waliunda pia shirika lao, huko Nairobi. Mwaka 2005 vyuo kadhaa vilianza masomo ya pamoja ya masta ya uchumi wa kilimo, wanafunzi wakikutana Pretoria kwa sehemu ya masomo. Mambo mazuri, lakini mengi kwa Kiingereza. Mtoto wetu aliyesoma kwa Kifaransa anaona mlango uko wazi na hajui aingie namna gani.

Hata hivyo Kivu haikusahauliwa kabisa. Mwaka 1989 Kanisa Katoliki, chini ya Askofu Emmanuel Kataliko, lilianzisha Chuo Kikuu Katoliki cha Graben huko Butembo. Katikati ya miaka ya 2000 feza ya Ubelgiji ilileta CIALCA, muungano wa vituo vya utafiti uliofanya kazi Kivu, Rwanda na Burundi, na vijana wengi wa kwetu walifanya utafiti wao humo. Mnajua ugonjwa wa migomba, ule unaotoa maji ya njano, ndizi zinaiva kabla ya wakati? Katika Kongo ulionekana kwanza hapa Masisi, mwaka 2001. Shauri la kwanza lilikuwa kung'oa shina zima na watoto wake wote. Watu walikataa. Si kwa ubishi: kung'oa shina zima ni kazi ya siku nyingi, na nyumba inakosa ndizi na feza. Watafiti walipofanya hesabu ya kazi na hasara ya mkulima, wakajaribu njia nyingine katika Kivu: kukata mgomba mmoja tu ulioonyesha ugonjwa, mapema, na kurudia kila mara. Ugonjwa ulishuka na watu waliweza. Kumbe hesabu ya mchumi iliokoa shauri la agronomu.

Na barieri je? Mwaka 2017 kituo cha IPIS cha Ubelgiji, pamoja na watafiti Wakongomani, kilitoa ripoti ya barieri za Kivu ya Kaskazini na ya Kusini. Walikuta karibu 800. Kila dereva alijua barieri za njia yake. Zote pamoja, mpaka pale, hakuna aliyekuwa ameziweka kwenye karatasi moja.

Basi tumejifunza mambo mawili. La kwanza: swali linafuata feza. Anayelipa ndiye anayechagua kinachohesabiwa. La pili: feza ya mgeni inaisha siku mgeni anapotaka. Mwanzoni mwa 2025 tuliona yote kwa wakati mmoja: Marekani ilisimamisha misaada yake, benki za Goma zilifungwa, kambi za kandokando ya mji zilivunjwa, nasi tukapanda milima na vitu tulivyoweza kubeba. Wengi tulikuta mashamba yamekuwa pori. Ndiyo maana tunaelewa vizuri yule mama. Jembe ni leo, utafiti ni kesho.

Wazo letu si kumsomesha mtu miaka mitano. Hatuna nguvu hiyo. Kuna vijana waliokwisha kusoma, wamekwama kwenye kazi ya mwisho kwa sababu hawana feza ya kutembea, kula na kuchapa kitabu. Tunataka kumsaidia mmoja kwa hiyo tu, kwa masharti haya:

Swali litatoka kwetu: kiloba cha birayi na kiloba cha maharagi kutoka Muheto mpaka Goma kinaacha nini mkononi mwa mkulima, katika msimu mzima.

Atalala katika nyumba za memba na kula nao, ili feza iwe kidogo.

Kabla ya kupeleka kazi yake chuoni, ataisoma mbele ya mkutano wetu, kwa Kiswahili, na mtu yeyote atamuuliza.

Feza itatolewa kwa vipande vitatu, na mhasibu ataonyesha daftari.

Sehemu ya mbegu ya wajane na ya wazee haitaguswa. Hilo tunaliweka wazi.

Mnaweza kukataa, ni haki yenu. Lakini tunawaomba kila mlima ukae kwanza, uandike hesabu ya kiloba kimoja kama ule mfano wa juu, na mjumbe aje nayo mkutanoni. Yule mama aliyetuuliza tumemwomba afungue mazungumzo. Amekubali, ila amesema: « Nitakuja na hesabu yangu, na mutanisikiliza mpaka mwisho. » Tutamsikiliza.

Tuko pamoja.

Kamati