Misimbo ya maradhi ya ngozi: Herufi na nambari zenye uzito kwa mgonjwa

MGONJWA aliyeota uvimbe shingoni anapotoka kwa daktari, huenda akaona kwenye fomu ya bima herufi moja na nambari chache zisizomwambia lolote: D17.0, L91.0 au R22.1. Wengi huzipuuza wakidhani ni mambo ya ofisi. Hata hivyo, alama hizo ndizo zinazoeleza, kwa lugha inayoeleweka Mombasa sawa na Geneva, daktari ameona nini.

Hiyo ni misimbo ya Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, unaojulikana kwa kifupi kama ICD na kusimamiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO). Chanzo chake ni orodha ya visababishi vya vifo ambayo Mfaransa Jacques Bertillon aliiwasilisha mjini Chicago, Marekani, mwaka wa 1893. WHO ilichukua usimamizi wake 1948, na toleo la sita la mwaka huo likajumuisha maradhi, si vifo pekee.

Toleo la kumi, ICD-10, liliidhinishwa 1990 na kuanza kutumiwa 1994. La kumi na moja lilipitishwa Mei 2019 na kuanza rasmi Januari 1, 2022, ingawa mataifa mengi yangali yanahama hatua kwa hatua. Misimbo iliyomo katika makala haya ni ya ICD-10.

Maradhi ya ngozi yana sura yake, kuanzia L00 hadi L99. Humo mna majipu (L02), aina ya pumu ya ngozi inayowapata sana watoto (L20), soriasisi (L40), chunusi (L70), mbalanga (L80) na kovu linalovimba na kutanda, yaani keloidi (L91.0).

Lakini si kila kinachoonekana kwenye ngozi kimo katika sura hiyo. Maradhi mengi yanayoletwa na viini au wadudu huwekwa chini ya herufi A na B. Ukoma ni A30, chunjua ni B07, choa ni B35, upele ni B86, na funza wanaosumbua watoto na wazee katika sehemu nyingi za Kenya ni B88.1. Hapa uainishaji hutazama kilicholeta ugonjwa, wala si mahali ulipojitokeza.

Vivimbe na vinyama vinavyoota huangukia herufi C na D, na hapa ndipo kosa dogo huweza kuleta madhara makubwa. C43 ni melanoma, saratani hatari inayotokana na chembechembe zinazoipa ngozi rangi. C44 ni saratani nyingine za ngozi. D04 ni saratani ambayo haijapenya tabaka la juu la ngozi. D22 ni waa la kawaida lisilo na madhara, D17 ni uvimbe wa mafuta, na D23 ni vivimbe vingine visivyo vya saratani. D48.5 ni ya uvimbe wa ngozi ambao tabia yake haijabainika.

Nambari inayofuata nukta huonyesha sehemu ya mwili. C44.1 ni saratani ya ngozi ya ukope, C44.2 ya sikio, C44.4 ya kichwa na shingo, na C44.7 ya mguu. Panapoandikwa 9, maana yake ni kwamba mahali hapakutajwa, na mara nyingi hiyo ni ishara kwamba faili haikujazwa kikamilifu.

Aidha, msimbo hauwezi kuutangulia uchunguzi. Kwa macho pekee, si rahisi kila mara kutofautisha waa na melanoma. Daktari hukata kipande na kukipeleka maabara, ambako mwanapatholojia hukitazama kwa hadubini. Iwapo daktari ameandika 'uvimbe' tu, afisa wa rekodi za afya hana ruhusa ya kubahatisha. Msimbo ufaao ni wa kundi la R22, yaani uvimbe wa ngozi ambao bado haujapewa jina.

Mfano wa nyayo unatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Miongoni mwa watu weusi, melanoma hupenda kutokea kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Mwanamuziki Bob Marley, aliyefariki 1981, aliuawa na melanoma iliyoanzia kwenye kidole cha mguu. Alama kama hiyo ikiandikwa B07, yaani chunjua, ilhali ni C43.7, daktari atakayeifungua faili hiyo baadaye huenda akaendelea kutibu chunjua huku saratani ikisambaa.

Mfano wa pili ni saratani ya Kaposi. Ikiwa kwenye ngozi, msimbo wake ni C46.0. Lakini inapotokana na kuwepo kwa virusi vya Ukimwi, msimbo huwa B21.0, ili takwimu zionyeshe chanzo chake.

Vilevile, ualbino una msimbo wake, E70.3, katika sura ya maradhi ya umetaboli. Mtu mwenye ualbino akipata saratani usoni na ikaandikwa C44.3 peke yake, takwimu haziwezi kuonyesha ni wangapi kati ya wenzake walioathiriwa na jua. Serikali itapangaje mafuta ya kukinga ngozi ikiwa hesabu hiyo haipo?

Nchini Kenya, ripoti za vituo vya afya zimekuwa zikikusanywa kwa mfumo wa kompyuta wa DHIS2 tangu 2011. Kwa upande wa malipo, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kwa bima yoyote ile, msimbo ni sehemu ya ushahidi wa kilichotibiwa. Keloidi inayouma na kuwasha, ikiandikwa kana kwamba mgonjwa alitaka tu kujipamba, yaweza kukataliwa. Naye mwenye waa la D22, akiandikiwa C43 kimakosa, huenda akabeba jina la saratani asiyokuwa nayo.

Mgonjwa afanye nini basi? Kwanza, aombe jina la ugonjwa kwa maneno pamoja na msimbo wake. Pili, ahifadhi nakala ya ripoti ya maabara. Tatu, ahakikishe sehemu ya mwili iliyotajwa ndiyo hasa iliyotibiwa. Akiona kosa, arejee kwa daktari au ofisi ya rekodi, kwani Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa haki ya kudai habari zake zirekebishwe.

Zaidi ya yote, waa linalobadilika rangi, umbo au ukubwa, au kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa, lisisubiri. Msimbo sahihi huanza na mgonjwa aliyefika hospitalini mapema.